Somo kwa Vyama vya Msingi: Kusikiliza Upepo wa Matairi kwa Redio

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila katibu ameifahamu methali hii tangu kozi yake ya kwanza, naye huitimiza kwenye mizani, kwenye stakabadhi na kwenye leja. Hata hivyo, chama chenye gari huwa na mali moja isiyoandikwa mahali popote. Mafuta huandikwa, safari huandikwa, posho ya dereva huandikwa. Upepo wa matairi huachwa ukaguliwe kwa teke la kiatu. Teke hilo halimwambii dereva kitu, kwa maana tairi lililopungukiwa robo ya upepo wake huweza kuonekana zima kabisa kwa macho.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana chombo kidogo ndani ya kila gurudumu kinachopima upepo na kutangaza kipimo hicho kwa redio. Tangazo hilo laweza kusikiwa na mtu yeyote mwenye kompyuta na kipokezi cha bei nafuu. Jambo hili lina faida kwa chama, na pia lina tahadhari yake.

SHABAHA YA SOMO

Somo hili lina shabaha tatu. Ya kwanza ni kueleza jinsi kihisi cha upepo wa tairi kinavyofanya kazi. Ya pili ni kuonyesha jinsi chama kinavyoweza kukisikiliza, ili kijue kama taa ya onyo katika gari lake inasema kweli. Ya tatu ni kuwakumbusha wanachama kwamba wanachokisikia wao, wengine nao hukisikia.

SABABU YA TAIRI KUPEWA REDIO

Upepo ndio unaobeba mzigo. Tairi ni mfuko wa kuushikilia. Upepo ukipungua, mbavu za tairi hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko wa gurudumu. Kujikunja huko huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa tabaka za mpira na nyuzi zilizo ndani yake. Mwishowe tabaka huachana na tairi hupasuka. Mambo matatu huharakisha maafa hayo: mzigo mzito, mwendo mkali, na lami yenye moto wa jua. Gari la chama lirudilo mchana limejaa magunia ya kahawa au marobota ya pamba huweza kuyakusanya yote matatu kwa pamoja.

Nchini Marekani hatari hii ilijulikana kwa gharama kubwa. Mnamo Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yaliyokadiriwa kuwa milioni 6.5 yaliyokuwa bado barabarani, baada ya ajali nyingi za tabaka za tairi kuachana, hasa katika magari ya Ford Explorer. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini humo vilizidi 200. Novemba ya mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyoagiza magari mapya yawe na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2005, na kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo yaliyouzwa huko yalipaswa kuwa na chombo hicho. Kanuni ziliweka mpaka: taa iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa na mtengenezaji. Umoja wa Ulaya nao uliagiza kwamba, kuanzia Novemba 2014, kila gari jipya la abiria liwe na chombo cha namna hiyo.

Magari mengi yanayotumika Tanzania na Kenya huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na mengi kati yake hutoka Japani. Kwa njia hiyo vihisi vimefika katika vyama vyetu bila kuagizwa na mtu, na mara nyingi bila kitabu cha maelezo.

KIHISI NA KAZI YAKE

Kihisi hufungwa ndani ya rimu, kikishikamana na vali ya kujazia upepo. Ndani yake mna kipimo cha kanieneo, yaani nguvu ya upepo, kipimo cha joto, redio ndogo ya kutuma, na betri. Betri hiyo haichajiwi; hudumu kwa kawaida kati ya miaka 5 na 10, kisha kihisi chote hubadilishwa.

Ili betri isiishe upesi, kihisi hulala gari linaposimama. Gari likianza kukimbia, kihisi huamka na kutuma ujumbe mfupi, vingi vikituma mara moja katika kila dakika moja hivi. Vihisi vingi pia huamka mara moja upepo unapotoka kwa ghafula.

Ujumbe wenyewe una sehemu chache. Kwanza kuna namba ya utambulisho wa kihisi. Namba hiyo huwa haibadiliki maisha yote ya kihisi, na katika aina nyingi ina urefu wa biti 32, nafasi itoshayo kwa namba tofauti zaidi ya milioni 4,290. Kisha hufuata kanieneo, joto, na mara nyingine hali ya betri. Mwisho huwekwa tarakimu za ukaguzi, ambazo kazi yake ni kama ile ya jumla iliyo chini ya ukurasa wa leja: zisipolingana na yaliyotangulia, ujumbe hukataliwa.

Vihisi vya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani na la Japani kwa kawaida hutuma katika masafa ya megahezi 315, na vile vya magari ya Ulaya katika megahezi 433.92.

Yafaa ieleweke kwamba si kila gari lenye taa ya onyo lina vihisi vya redio. Magari mengine hutambua upungufu wa upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka kwa kasi zaidi kidogo kuliko mengine. Magari ya namna hiyo hayatangazi kitu chochote kutoka kwenye tairi, na kipokezi hakitasikia lolote. Kadhalika, gari la zamani huenda lisiwe na taa wala kihisi hata kimoja.

VYOMBO VINAVYOHITAJIKA

Mwaka 2012 mafundi wapenda redio waligundua kwamba vipokezi vidogo vya televisheni ya kidijitali, vya kuchomekwa kwenye kompyuta, vyenye kijenzi kiitwacho RTL2832U cha kampuni ya Realtek, vyaweza kufanywa vipokezi vya redio vya matumizi mengi. Kabla ya hapo vyombo vya kazi hiyo viligharimu mamia au maelfu ya dola. Siku hizi kipokezi cha namna hii, pamoja na eriali yake, hupatikana kwa chini ya dola 50 za Kimarekani.

Chama kitahitaji vitu vinne: kompyuta ndogo ya kubeba, kipokezi, eriali, na programu ya bure iitwayo rtl_433. Programu hiyo imetungwa na watu wa kujitolea, nayo inafahamu lugha za aina nyingi za vihisi. Ikishapakiwa katika kompyuta, haihitaji intaneti kufanya kazi.

Eriali iwe fimbo nyembamba yenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa megahezi 433.92 urefu huo ni karibu sentimita 17. Kwa megahezi 315 ni karibu sentimita 24. Eriali ya kuvuta hurekebishwa kwa rula tu.

JINSI YA KULISIKILIZA GARI LA CHAMA

Kazi hii hufanywa na watu wawili. Dereva aendeshe gari, na mwenzake akae na kompyuta. Dereva asiiguse wala kuitazama kompyuta gari likiwa katika mwendo.

Hatua ya kwanza hufanyika asubuhi, gari likiwa halijasafiri. Matairi yote yapimwe kwa geji ya mkono, na vipimo viandikwe daftarini.

Hatua ya pili ni kuianzisha programu kwa amri rtl_433 -f 315M, au kwa gari la soko la Ulaya, rtl_433 -f 433.92M. Asiyejua asili ya gari ajaribu masafa yote mawili, kwa zamu.

Hatua ya tatu ni kuliendesha gari kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa au zaidi, kwa muda wa dakika kumi hivi, katika barabara isiyo na msongamano. Ujumbe utaanza kuonekana kwenye kioo cha kompyuta. Baadhi utakuwa wa magari yanayopishana nalo, na katika megahezi 433.92 huenda zikasikika pia rimoti za mageti na vyombo vingine. Namba za utambulisho zitakazoendelea kuonekana safari nzima ndizo za gari la chama.

Hatua ya nne ni kujua namba ipi ni ya gurudumu lipi, kwa maana ujumbe hausemi kihisi kiko upande gani. Gari lisimamishwe mahali salama, kisha upepo kidogo utolewe katika tairi moja. Namba itakayoonyesha kipimo kilichoshuka ndiyo ya tairi hilo. Kihisi kisipoamka gari likiwa limesimama, liendeshwe tena kidogo. Kazi irudiwe kwa kila tairi, na upepo urejeshwe kabla ya gari kuondoka.

KUSOMA TARAKIMU

Programu huonyesha kanieneo kwa kilopaskali, au kwa paundi kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho mafundi wa pancha hukiita PSI. Kubadilisha ni rahisi: paundi 1 ni karibu kilopaskali 6.9. Basi paundi 32 ni karibu kilopaskali 221. Asilimia 25 ya 32 ni 8. Kwa hiyo, kwa kanuni ya Marekani, tairi linalopaswa kuwa na paundi 32 hutakiwa kuwasha taa likifika paundi 24, yaani karibu kilopaskali 165.

Kiwango sahihi cha kila gari hakikisiwi. Kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ukingoni mwa mlango wa dereva au katika kitabu cha gari, na mara nyingi kuna kiwango kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, wala si kiwango cha gari.

Joto nalo halina budi kufikiriwa. Chukua tairi lililojazwa paundi 32 asubuhi, upepo wake ukiwa na joto la nyuzi 27 za Selsiasi. Baada ya safari, joto la ndani likifika nyuzi 57, kipimo kitasoma karibu paundi 37, ingawa hakuna mtu aliyeongeza upepo. Dereva asiyejua jambo hili hupunguza upepo hadi 32 palepale njiani. Kesho yake asubuhi, tairi likipoa, litakuwa na paundi 28 tu, naye atapakia mzigo juu ya tairi lililopungukiwa akidhani amelitendea mema. Kwa sababu hiyo upepo hupimwa na kurekebishwa asubuhi, na tairi lenye moto haliguswi. Kihisi husaidia kulielewa hili, kwa kuwa huonyesha upepo na joto kwa pamoja.

TAA YA KWELI NA TAA YA UONGO

Katika magari mengi taa ya onyo ina umbo la tairi lililokatwa, lenye alama ya mshangao katikati. Inapowaka bila kupepesa, maana yake upepo umepungua. Inapopepesa kwa muda wa dakika moja au zaidi baada ya gari kuwashwa, kisha ikabaki imewaka, maana yake ni kwamba mfumo wenyewe una hitilafu.

Hapa ndipo ilipo hatari kubwa kwa magari yaliyotumika. Kihisi kimoja kikiisha betri, au rimu zikibadilishwa na zile zisizo na vihisi, taa hukaa imewaka daima. Siku za kwanza dereva huitazama. Baada ya mwezi huizoea. Baadaye huziba kioo chake kwa kipande cha gundi. Tangu siku hiyo, tairi likipungukiwa upepo kweli, hakuna wa kumwonya. Taa iwakayo siku zote hufundisha watu kutoiona.

Kipokezi ndicho kitakachoamua shauri hili. Namba nne zikisikika na vipimo vikawa sawa na vya geji, vihisi ni vizima, na huenda gari limesahau namba zake; fundi mwenye chombo cha kuandikisha vihisi aweza kuzisajili upya. Zikisikika tatu tu katika safari mbili au zaidi, kihisi cha nne yaelekea kimekufa, na chama kinunue kimoja badala ya kuuziwa vinne. Isiposikika hata moja, kwanza ichunguzwe kama masafa ni sahihi na kama gari lina vihisi vya redio.

Hata hivyo kipokezi hakichukui nafasi ya geji. Geji ya mkono, ikitumiwa kila Jumatatu asubuhi na kipimo kikaandikwa, italinda matairi ya chama hata kama hakuna kihisi hata kimoja.

WENGINE NAO HUSIKIA

Wazee wa ushirika nchini Tanzania wanavikumbuka vikundi vya kusikiliza redio vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Uzuri wa redio ulikuwa kwamba sauti ikishatoka haichagui wa kuisikia: aliyekaribishwa na asiyekaribishwa wote waliipata. Tabia hiyo ya redio haijabadilika, na kihisi cha tairi kina tabia iyo hiyo.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers na Chuo Kikuu cha South Carolina, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa mifumo ya vihisi hivi. Walikuta kwamba ujumbe haukufungwa kwa siri yoyote, na kwamba waliweza kuusikia kutoka gari lililo umbali wa hadi mita 40. Zaidi ya hayo, waliweza kutuma ujumbe wa uongo na kuiwasha taa ya onyo katika gari lililokuwa likienda, ingawa matairi yake yalikuwa mazima.

Maana yake kwa chama ni hii. Kwa kuwa namba ya kihisi haibadiliki, mtu mwenye kipokezi kando ya barabara aweza kujua kwamba gari fulani limepita, hata usiku, hata asipoliona. Ni kweli kwamba namba za usajili zinasomwa na kila mtu, na mwizi hahitaji kompyuta kulifahamu gari la ushirika kijijini. Lakini jicho huchoka na giza hulizuia. Kipokezi hakichoki wala hakizuiwi na giza. Chama kinachosafirisha fedha za malipo ya wakulima kwa gari lile lile, saa ile ile, siku ile ile ya juma, kimekwisha kujitangaza, iwe kwa macho au kwa redio.

Dawa si kuvitoa vihisi, kwa sababu vinalinda uhai. Dawa ni kulipa wakulima kwa njia ya benki au simu pale inapowezekana, kutofanya safari za fedha kuwa za mazoea, na kuitunza orodha ya namba za vihisi pamoja na nyaraka nyingine za chama, isibandikwe ukutani.

MIPAKA YA SHERIA

Kusikiliza na kutuma ni mambo mawili. Vyombo vilivyotajwa katika somo hili hupokea tu. Kutuma mawimbi ya kuiga kihisi ni jambo la hatari na lisifanywe na mtu yeyote, hata kwa mzaha: dereva aliyeshtushwa na taa ya uongo aweza kusimama mahali pabaya, au kuanza kuidharau taa ya kweli. Masafa ya redio husimamiwa na TCRA nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, na chama chenye shaka kiziulize mamlaka hizo kabla ya kuanza.

Aidha, namba za magari ya watu wengine zitakazosikika njiani zifutwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Rekodi ya nani alipita wapi na lini ni habari za mtu, wala si mali ya chama.

YA KUTEKELEZWA NA KATIBU

Katibu na afungue ukurasa mmoja katika daftari la gari, wenye safu za tarehe, gurudumu, kiwango kinachotakiwa, kipimo cha geji, na sahihi ya dereva. Penye vihisi aongeze safu ya kipimo cha redio. Ukurasa huo usomwe katika kila kikao cha bodi, kama isomwavyo taarifa ya fedha. Chama kisichokuwa na kompyuta kianze na geji. Vyama jirani vyaweza kushirikiana kununua kipokezi kimoja na kukitumia kwa zamu, kwa kuwa gari moja huhitaji kusikilizwa mara chache tu kwa mwaka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, taa ya onyo katika gari la chama chenu imewaka tangu lini, na ni nani aliyeulizwa sababu yake?

2. Tairi linatakiwa kuwa na paundi 36. Taa hutakiwa kuwaka upepo ukifika paundi ngapi, kwa kanuni ya asilimia 25?

3. Dereva amepima matairi saa nane mchana akakuta yamezidi kiwango kwa paundi 4. Afanye nini, na kwa nini?

4. Safari tatu zimefanywa, na namba tatu tu za vihisi zimesikika. Elezeni sababu mbili zinazowezekana na jinsi ya kuzichunguza.

5. Ni mambo gani kuhusu safari za gari la chama ambayo mtu wa nje aweza kuyajua bila kuuliza? Lipi kati ya hayo bodi inaweza kulibadilisha kabla ya msimu ujao wa ununuzi?